Namba za Ramani, Mjomba na Kilo Mbili za Chumvi

Hotuba kwa walimu na wanafunzi wa Jiografia, Lindi mjini, Jumamosi asubuhi

Ndugu walimu, wazazi mliofika, na ninyi vijana wa kidato cha tano na cha sita: assalamu alaykum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wote waliobaki, habari za asubuhi. Wazee mliokaa mstari wa mbele, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie ramani. Nitazizungumzia, lakini mtavumilia nikimtaja sana mjomba wangu, kwa sababu yale machache ninayoyajua kuhusu ramani za huku kwetu, nusu yake nimefundishwa na yeye, tena akiwa amesimama juani na fimbo mkononi.

Kwa miaka mitatu sasa, mimi na mjomba tunasafiri kwenda mahali ambapo hatuna shughuli napo. Hatuendi msibani wala harusini, hatuendi mnadani, hatudai mtu deni. Tunakwenda kwa sababu namba imeangukia pale.

Namba hiyo inapatikana hivi. Mwaka 2008 Mmarekani mmoja, Randall Munroe, mchoraji wa katuni aliyewahi kufanya kazi NASA, alitoa kanuni ya kumchagulia mtu mahali pa kutembelea. Dunia imekatwa kwa mistari ya latitudo na longitudo, nyuzi moja moja, ikawa miraba. Kila mraba unapata nukta moja kwa siku. Kompyuta inachukua tarehe ya siku, inaiunga na namba ambayo soko la hisa la New York limefungulia, ile iitwayo Dow Jones, halafu inavipitisha kwenye kanuni ya MD5, ambayo kazi yake ni kuvuruga maandishi mpaka asili yake isitambulike. Kinachotoka ni desimali mbili ndefu, moja ya latitudo na moja ya longitudo. Ukizibandika kwenye mraba wako, umepata mahali. Kwa kuwa hakuna anayejua soko litafungua na namba gani, hakuna anayeweza kupanga nukta iangukie kwa shemeji yake.

Sisi tulioko mashariki ya longitudo 30 Magharibi tunatumia namba ya soko ya siku iliyotangulia. Soko la New York linafunguliwa saa kumi na nusu alasiri kwa saa zetu, au saa kumi na moja na nusu wakati ambao Wamarekani wamerudisha saa zao nyuma. Kwa hiyo jioni unaijua nukta ya kesho. Na ikiwa ni Ijumaa, unazijua za siku tatu, Jumamosi mpaka Jumatatu, kwa sababu mwisho wa wiki soko limefungwa na namba ya Ijumaa ndiyo inayoendelea kutumika.

Sasa tazameni bahati ya mji wetu. Lindi imekaa karibu kabisa na mstari wa latitudo 10 Kusini. Ukiishi hapa una miraba miwili mlangoni, wa kaskazini na wa kusini. Sisi huwa tunacheza wa kusini, unaoanza latitudo 10 hadi 11 na longitudo 39 hadi 40. Ndani yake kuna Rondo, Mtama, Nyangao, Newala, Kitangari, Tandahimba, na pembe yake ya kusini mashariki inagusa mto Ruvuma. Nyuzi moja ni kama kilomita 111, kwa hiyo mraba huo una zaidi ya kilomita za mraba 12,000. Ndugu zetu wa Mtwara mjini mraba wao ni mgumu: sehemu kubwa ni bahari, na chini yake ni Msumbiji.

Mtu ataniuliza, kwani huwezi kuchagua mahali mwenyewe? Nimelijaribu hilo darasani. Niliwapa wanafunzi ramani ya mkoa nikawaambia kila mmoja aweke kidole popote apendapo, bila kufikiri. Karibu wote walikiweka kando ya barabara ya lami, au kwenye jina wanalolijua. Mkono wa mtu unafuata njia aliyokwisha kupita, na sisi watu wa huku tuna njia chache: Mnazi Mmoja, Mtama, Masasi, kisha kurudi. Nimezaliwa mkoa huu, na mpaka ninafikisha miaka arobaini nilikuwa sijawahi kusimama kilomita tano nje ya barabara mahali ambapo hapana ndugu yangu. Namba hazijui barabara.

Safari ya kwanza nilikwenda peke yangu, mwezi wa Julai. Nukta ilikuwa kwenye mikorosho, kama kilomita mbili kutoka njia ya vumbi. Nikashuka kwenye bodaboda, nikawasha simu, nikaanza kufuata mshale. Ulikuwa wakati wa kupuliza salfa. Mashine zinanguruma, vumbi la njano limetanda chini ya matawi, watu wamejifunga vitambaa puani. Nikapita katikati ya mashamba yao macho yangu yakiwa kwenye kioo cha simu. Zilikuwa zimebaki mita 140 nilipozungukwa na vijana wanne. Nyuma yao akaja mwenye shamba, mama wa makamo, jembe begani, akaniuliza:

"Mmeanza kupima lini, mbona hatukuambiwa?"

Nataka tulitafakari swali la mama yule, maana halikuwa swali la mtu asiyejua mambo. Katika mikoa hii miwili, Lindi na Mtwara, mtu asiyejulikana anayetembea shambani na kifaa cha kusoma setilaiti mara nyingi ametangulia kitu kikubwa. Ametangulia bomba la gesi, au uchimbaji wa madini ya kinywe kule Ruangwa, au mradi kama ule wa gesi uliofanya watu wa Likong'o wapishe maeneo yao. Wengine walilipwa wakaridhika, wengine mpaka leo wana la kusema. Lakini wote walianza kwa kumwona mtu mmoja anatazama kifaa, anaandika, anaondoka. Na tangu mwaka 2020, kijiji cha Kitaya kiliposhambuliwa na watu waliovuka Ruvuma, mgeni asiye na maelezo ni jambo la usalama. Vijana wale walinikamata kwa haki.

Nilikaa ofisi ya kijiji mpaka jua linazama. Hawakunitendea ubaya. Walinipa maji na mihogo ya kuchemsha, simu yangu wakaiweka mezani mbele yetu sote. Nilijaribu kueleza habari za New York, na kadiri nilivyoeleza ndivyo mtendaji alivyozidi kunitazama kwa mashaka. Mwishowe nikampigia mjomba. Hakuniuliza nimefanya nini. Aliniuliza, "Ulipiga hodi wapi?"

Wengine mnatoka mikoa mingine, kwa hiyo nieleze. Kwetu Wamwera, na kwa Wamakonde, Wayao na Wamakua pia, ukoo kwa asili unafuata upande wa mama. Mjomba ana neno juu ya mpwa wake ambalo hata baba hulisikiliza. Huyu wangu ndiye aliyenishika mkono siku ya jando. Basi alikuja usiku ule kwa pikipiki ya kukodi, akakaa na wazee wa kijiji, wakazungumza kama saa nzima bila kunitaja, halafu nikaambiwa twende. Njiani akanipa masharti mawili. La kwanza, sitakwenda tena peke yangu. La pili, nisiache kwenda.

Mjomba ana miaka 74. Ni bwana shamba mstaafu. Alianza kazi na baiskeli, akipita vijijini kufundisha watu kupulizia salfa ili ugonjwa wa ubwiriunga usiue maua ya mikorosho, na hadi leo hawezi kupita chini ya mkorosho bila kugeuza jani atazame mgongo wake. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba safari ya nukta haianzii kwenye nukta, inaanzia kwa mwenyekiti wa kijiji. Na haendi mikono mitupu. Siku zote hubeba kilo mbili za chumvi, hii hii yetu inayovunwa pwani, kwenye mfuko wa kitambaa uliofungwa kamba. Humpa mwenye nyumba ya kwanza itakayotupokea. Nilimwambia siku hizi chumvi inauzwa kila duka. Akasema, "Inauzwa, ndiyo. Hii sijamuuzia mtu."

Tukifika hatutaji nukta. Tunakaa. Tunaletewa maji. Yanazungumzwa ya mvua, ya mnada, bei imesimama wapi, nani kafariki. Inapatikana ndugu, maana ukikaa vya kutosha hakosekani: mke wa fulani ni wa Nyangao, na Nyangao mjomba alifanya kazi miaka minane. Ndipo anaposema maneno ambayo sasa nimeyashika kwa moyo: "Kijana wangu huyu ni mwalimu. Ana namba aliyopewa na hesabu. Anataka kusimama pale inapoangukia, apaone, arudi. Hachimbi, hapimi, hachukui kitu." Watu hucheka, halafu karibu kila mara mmoja wao husimama na kusema, twendeni niwapeleke.

Na hapo ndipo masomo yanapoanza, kwa sababu anayekupeleka hanyamazi njiani. Kule juu Tandahimba nukta iliangukia uwanja wa nyumba, hatua sita kutoka kwenye kisima cha kuvunia maji ya mvua. Darasani nilikuwa nimekwisha fundisha kwamba uwanda wa Makonde hauna mito juu yake, mchanga unayanywa maji yote, na kwamba zamani wanawake walishuka kwenye miteremko na kupanda tena na mitungi kichwani. Nilifundisha kwa dakika tano nikaenda mada nyingine. Siku ile mwenye nyumba alifungua mfuniko wa kisima akanionyesha mistari ukutani: hapa maji yalifika mwezi wa nne, hapa mwezi wa sita, na hapa, akaweka kidole karibu na sakafu, ndipo tunapoanza kununua. Mstari ule wa mwisho ungetosha kipindi kizima.

Najua wapo wanaojiuliza kuna nini huko porini. Nawakumbusha Tendaguru, kaskazini magharibi ya mji huu huu. Kabla ya 1906 pale palikuwa pori kwa mgeni yeyote, mpaka mhandisi mmoja Mjerumani, Bernhard Sattler, alipoona mifupa imejitokeza juu ya ardhi. Kuanzia 1909 hadi 1913 mamia ya watu wa Lindi walichimba pale, wakiongozwa na msimamizi wao Boheti bin Amrani, wakabeba vichwani mpaka bandarini hapa mzigo wa zaidi ya tani 200. Leo dinosaria wa Tendaguru amesimama Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13, na ninyi wenye Tendaguru wengi wenu hamjafika. Sisemi nukta zitawapa mifupa. Sisi hatujawahi kukuta kitu cha makumbusho. Ninachosema ni kwamba neno "pori" mara nyingi hulisema mtu ambaye hajafika.

Nataka sasa niwaeleze safari moja, kisha nikae.

Ilikuwa Agosti mwaka jana. Nukta iliangukia karibu na nyuzi 10.4 Kusini na 39.3 Mashariki, upande wa kusini wa Nyangao. Desimali nyingine nimeziacha makusudi. Tulipiga hodi, tukakaa, chumvi ikapokelewa, tukapewa kijana wa kutuongoza. Mwendo wa saa moja na nusu, kwanza mashamba ya ufuta yaliyokwisha vunwa, halafu nyasi zilizoungua, halafu vichaka. Katika vichaka palikuwa na upupu. Upepo ulikuwa unavuma kutoka kwenye maganda makavu kuja kwetu, na ndani ya dakika moja shingo na mikono iliwaka moto. Mjomba akatusimamisha, akatuambia tusijikune, akachota majivu kwenye gogo lililoungua akatusugua mmoja mmoja, mimi na yule kijana, kama anavyopakwa mtoto. Kisha tukazunguka upande wa juu wa upepo.

Simu ikasema mita 60. Ikasema 38. Chini ya matawi setilaiti hazionekani vizuri, namba ikawa inaruka, 22, 31, 19. Mjomba alikuwa ametangulia na panga. Akasimama, akasema, "Hapa walikaa watu."

Mimi sikuona kitu. Akanionyesha kwa ncha ya panga: mwembe, mwembe, na kule mwembe wa tatu, mstari mmoja, vigogo vinene kuliko mtu awezavyo kukumbatia kwa mikono miwili. Hakuna ndege anayepanda miembe kwa mstari. Kati ya mwembe wa pili na wa tatu nyasi zilikuwa fupi na udongo mgumu, mahali palipopigwa na nyayo na ufagio kwa miaka mingi. Hame, makazi yaliyohamwa. Na chini ya mwembe wa tatu, nusu yake imezama ardhini, palikuwa na jiwe. Mjomba akapiga magoti, akalifukua pembeni kwa mkono, tukalipindua pamoja. Upande wa chini ulikuwa na bonde laini, limeng'aa, refu kama unyayo wa mtu mzima. Jiwe la kusagia.

Alipitisha kiganja ndani ya bonde lile mara mbili. Akasema, "Lilifunikwa. Mtu anayetupa jiwe halifuniki. Huyu alikusudia kurudi."

Tukalirudisha kama tulivyolikuta.

Mnajua historia. Mwishoni mwa 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kuanzia hapo watu wakahamishwa kutoka kwenye makazi yaliyotawanyika wakapangwa kando ya barabara. Tunaifundisha na mtihani huiuliza: faida tano, hasara tano. Mjomba alikuwa na miaka 23. Alipokuwa amekaa pale chini ya mwembe, mgongo kwenye gogo, aliniambia jambo ambalo katika miaka yote hajawahi kuniambia. Alisema, "Kijiji tulichotoka asubuhi, viwanja vyake nilivipima mimi na wenzangu. Tulishika kamba, tukapiga vigingi. Nilipima walikopelekwa. Sikuwahi kuja kuona walikotoka. Hakuna aliyenituma huku."

Nilitaka kumjibu, nikaona sina jibu. Tulikaa mpaka kivuli kikahama.

Jioni kijijini tuliuliza. Tukapelekwa kwa bibi mmoja, mkubwa kuliko mjomba, amekaa mkekani anabangua korosho za nyumbani. Mjomba akamwamkia, akamweleza tulikofika. Bibi akaitaja ile hame kwa jina lake. Jina hilo halimo kwenye simu yangu wala sijaliona kwenye ramani yoyote, nimeliandika daftarini. Mjomba akamwambia kuna jiwe la kusagia chini ya mwembe.

Bibi akaacha kubangua. Akauliza, "Limefunikwa?"

"Limefunikwa, dada yangu."

"Mama alilifunika. Alisema tukirudi tusilikute na uchafu."

Mjomba akavua kofia. Akamwambia kwamba mwaka ule alikuwa miongoni mwa vijana waliopima viwanja. Mimi nilishika pumzi. Bibi alimtazama kwa muda, akasema, "Tuliwaona. Mlikuwa watoto tu." Kisha akamkaribisha chakula.

Kwa wenye nia, mambo ya kujua ni machache. Nendeni wakati wa kiangazi, Juni hadi Oktoba, mvua zikianza njia hazipitiki. Betri ya akiba, maji, viatu vilivyofunika mguu. Nukta ikiangukia hifadhi ya msitu au kandokando ya Ruvuma, iacheni, kesho ipo nyingine. Msiweke mtandaoni nukta ya uwanja wa mtu. Na kwa walimu wenzangu: ramani zetu za 1:50,000 bado zina majina ya mahali ambapo leo hapana nyumba. Ziingizeni darasani karibu na mzee mmoja, halafu mwacheni mzee aongee.

Lakini zaidi ya hayo yote, mchukueni mtu wa kwenu. Mjomba, shangazi, bibi, baba. Mimi mjomba wangu nilimjua miaka arobaini, nyumbani, kwenye misiba, kwenye mikeka ya arusi. Ya kamba na vigingi sikuyasikia huko. Ilibidi tufike mahali ambapo hakuna kati yetu aliyepachagua.

Goti lake la kulia mwaka huu limeanza kumsumbua. Safari mbili zilizopita alibaki barazani kwa mwenyekiti akanisubiri, na niliporudi ilinibidi nimweleze kila mti niliouona, jani mpaka gome.

Jana jioni soko lilifunguliwa. Nukta ya leo imetupita, niko nanyi. Ya kesho imeangukia upande wa kaskazini wa Kitangari, kama kilomita tatu kutoka njia ya magari. Nilimpigia usiku kumwuliza kama goti litaruhusu. Akasema nimpitie saa kumi na moja alfajiri, na kwamba chumvi ameshaipima.

Asanteni kwa kunisikiliza.